Mwanaima na Bibo la Mfungo

Kila asubuhi, kengele ya Chuo cha Mtakatifu Ana ilipogongwa, wasichana walitandika vitanda, wakafagia uwanja, kisha wakajipanga mbele ya stoo kugawiwa kazi. Wengine walikwenda zahanati kujifunza kuosha vidonda na kupima watoto, wengine jikoni, wengine shambani. Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya, na kila mahali watu walihimizwa kujitegemea. Kwa hiyo chuo nacho kilikuwa na shamba lake la mikorosho, na hakuna msichana aliyesamehewa zamu.

Mwanaima binti Abdulrahmani alikuwa na miaka kumi na minne. Kwao ni Kilangala, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Kazi ya zahanati aliipenda sana, lakini shamba lilimchosha. Na mwaka ule Ramadhani iliangukia msimu wa kuokota korosho, jua kali, mvua bado.

Chuoni hapo wasichana wa Kiislamu walifunga kama walivyofunga makwao. Wenzao Wakristo ndio waliowapikia futari. Tena jua likishakuwa kali, waliofunga waliacha shamba wakaenda kushona kivulini.

"Jamani, leo Mwanaima hata mate hamezi!" Scholastica alimtania asubuhi moja wakienda shambani. Scholastica alikuwa msichana wa Nyangamara, mtoto wa mama mjane, na ndiye kiongozi wa kundi lao. "Subiri magharibi. Sufuria zima utalimaliza peke yako."

"Kwa upishi wako? Labda nilazimishwe," Mwanaima alimjibu, na wote wakacheka.

Waliofunga walipoitwa kwenda kushona, Mwanaima alibaki nyuma kidogo amalizie kikapu chake. Korosho huokotwa pamoja na tunda lake, bibo, ndipo uing'oe. Mabibo ya mkorosho ule yalikuwa mekundu, yameiva mno. Kila alipong'oa korosho, maji ya bibo yalimchuruzika vidoleni. Koo lilikuwa limemkauka. Alitazama huku na huku, hakuona mtu. Akalitia bibo moja mdomoni, akalifyonza.

"Mwanaima!"

Aligeuka. Baba yake, Mzee Abdulrahmani, alikuwa amesimama pale na kanzu yake, mkononi ana kifurushi cha tende alizomnunulia Lindi dukani kwa Dawood, afuturie.

"Unakula nini, Mwanaima? Mchana huu?"

Mzee Abdulrahmani hakuwa mtu wa mchezo. Nyumbani mtoto akivunja sahani, alikuwa tayari kusema imevunjwa na paka kuliko kusimama mbele ya baba.

"Ni Scholastica, Baba," alisema. "Kiongozi wetu. Ameniambia nile. Anasema anayefunga anachelewesha kazi."

Maneno yalimtoka hivyo hivyo, hata hakuyapima. Baba yake hakuuliza la pili. Alimshika mkono wakaenda moja kwa moja ofisini kwa Sista Stefania, mkuu wa chuo.

"Sista, nilikuletea mtoto asome," alisema Mzee Abdulrahmani bila hata kuketi. "Sikukuletea umharibie dini yake. Leo namchukua. Na nikifika Kilangala nitawaambia wazazi wenzangu waje kuwachukua wa kwao."

Sista Stefania alikuwa Mmwera, mtu mzima, mpole wa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtuma mtu kumwita Scholastica.

"Mzee wangu, kaa kwanza nikuambie jambo," alisema. "Masista wa kwanza walipofika hapa, walikaa msimu mzima bila kupata msichana hata mmoja. Watu waliogopa hivi unavyoogopa wewe. Na huku wanawake walikuwa wakifa kwa uzazi. Aliyeleta binti wa kwanza alikuwa mwalimu wa Kurani. Akawaambia, mfundisheni mwanangu kuokoa wanawake wanaojifungua, dini yake niachieni mimi. Masista wakamwahidi. Binti huyo ninyi mnamwita Bi Mwahija."

"Bi Mwahija mkunga?" Mzee Abdulrahmani alishtuka. "Aliyempokea huyu Mwanaima?"

"Ndiye huyo. Basi chuo hiki kimesimama juu ya ahadi ile. Anayegusa dini ya mwenzake hufukuzwa siku hiyo hiyo. Sheria hii wanaijua wote."

Scholastica aliingia, akaamkia, "Shikamoo, Mzee." Sista alipomweleza anayoshtakiwa, alimtazama Mwanaima kwa mshangao.

"Mimi? Mwanaima, mimi nilisema hivyo?"

Mwanaima aliinamisha kichwa.

"Sikusema, Sista. Haki ya Mungu sikusema," Scholastica alilia. Lakini mkorosho ule ulikuwa pembeni, na hakuna mwingine aliyeweza kushuhudia. Sista alimwambia kwa huzuni akafungashe vitu vyake. Haukupita muda akaonekana akivuka uwanja, sanduku la bati kichwani, akishika njia ya Nyangamara. Alitaka sana kuwa muuguzi, na mama yake alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake atarudi amevaa gauni jeupe.

Mwanaima alimwona kupitia dirisha la ofisi. Akawaza: Scholastica atamwambia nini mama yake? Na wale wenzangu wa Kilangala, watarudishwa nyumbani wote kwa bibo nililokula mimi?

"Baba," alisema. "Hakuniambia. Nilikula mwenyewe. Nilisikia kiu."

Mzee Abdulrahmani aliinua mkono, halafu akaushusha polepole.

"Mbona hukuniambia pale pale?"

"Nilikuogopa, Baba."

Mzee alikaa kwenye kiti, akavua kofia, akafuta uso. Wanangu mnaosoma hadithi hii, na sisi tuliowazaa pia, tulisikie jibu hilo vizuri. Mtoto anayetuogopa kupita kiasi hutuletea uongo mlangoni, na sisi tunaupokea kama kweli.

Sista Stefania alimgeukia Mwanaima. "Siku moja ya mfungo ungeilipa baada ya Idi, ingekwisha. Jina la mwenzako utalilipa namna gani?"

Baba yake ndiye aliyeinuka.

"Nyanyuka," alimwambia. "Tunamfuata. Wewe na mimi."

Walikwenda mbio mbio katika jua lile, mzee mwenye saumu na kanzu yake, midomo imemkauka. Walimkuta Scholastica ameketi kando ya njia, sanduku chini, macho yamevimba. Alipowaona alisimama akajifuta haraka.

"Scholastica, nilikusingizia," alisema Mwanaima. "Nilikula mwenyewe nikaogopa. Nisamehe."

"Umenisema ofisini. Sasa chuo kizima kinajua mimi ndiye mbaya."

"Nitasema mbele ya wote. Leo hii, kabla ya futari."

"Sema kwanza. Ya kusamehe tutazungumza baadaye."

"Una haki, mwanangu," alisema Mzee Abdulrahmani. "Na mimi nilikuhukumu bila kukuuliza. Mtu mzima mimi, nimefanya kama mtoto. Uniwie radhi."

Akainama, akaliinua lile sanduku la bati, akajitwika kichwani juu ya kofia yake. Scholastica alitaka kumzuia. "Mzee, umefunga! Acha, nitabeba mimi."

"Tangulia," alisema mzee. Wakaanza kurudi, Scholastica mbele, Mwanaima katikati, yeye nyuma. Baada ya hatua chache akamwita binti yake.

"Mwanaima, tazama mzigo huu. Si wangu, wala hukuufunga wewe kwa mikono yako. Lakini kwa neno lako moja mwenzako ameubeba mpaka hapa akilia. Siku nyingine ukikosea, njoo uniambie. Nitakasirika, kisha itakwisha. Ila usiwatwike watu kosa lako."

"Nimesikia, Baba."

"Basi nenda kamshike mwenzako mkono. Akiukataa, tembea naye hivyo hivyo."