Pumzi ya Hamsini na Tatu

Jioni ile nilipitia sokoni, hapa Daegu, nikanunua mapeari matatu na samaki mkavu. Kesho yake mama mkwe wangu angetimiza mwaka tangu afariki, na mume wangu, Jae-hun, hakutaka meza ya vyakula vya kumkumbuka ipungukiwe na kitu. Kutoka sokoni nikaenda moja kwa moja zamu ya usiku hospitalini.

Kazi yangu ni kuwatazama watu wakilala.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa mmoja tu, Bi Noh Bun-im, mkulima wa matofaa, aliyeletwa na mwanawe kwa sababu ya kukoroma. Nikambandika nyaya kichwani, kando ya macho na kidevuni, nikamfunga mkanda kifuani.

"Binti, mmenigeuza redio," alisema. "Mkipata nyimbo za zamani, niamsheni."

"Lala, bibi. Niko chumba cha pili. Nakusikia."

"Unasikia kila kitu?"

"Kila kitu."

Akanitazama kidogo. "Basi una kazi ngumu." Akageukia ukuta.

Alilala upesi. Kwenye skrini nikaona usingizi mwepesi, mawimbi madogo ya ubongo yakikimbizana. Kisha yakaja yale makubwa, ya polepole, kama vilima. Huo ndio usingizi mzito. Aliye humo hata ukimwita hasikii, na akisema kitu, ni kugugumia tu.

Kwenye vipokea sauti, mtu akasema waziwazi:

"Thelathini na moja."

Nikaangalia kamera. Midomo ya Bi Noh ilikuwa imefumbwa. Mkanda ulionyesha pumzi tulivu.

"Thelathini na mbili... thelathini na tatu..."

Ndipo harufu ikanifikia. Plasta ya dawa, ile ya wazee wenye maumivu ya mgongo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbandikia mama mkwe kila usiku.

Niseme jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu.

Mama mkwe alikuwa akikatika pumzi usingizini. Alfajiri ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu usingizi wa ndoto huwa mrefu. Macho hucheza chini ya kope, lakini misuli yote hulegea, na koo hujiziba. Kwa kawaida ubongo hushtuka, mtu akavuta hewa. Usiposhtuka, unamgusa bega tu. Mimi nimewagusa mamia.

Alfajiri aliyofariki nilikuwa nimetoka zamu tatu mfululizo. Mlango wa mama ulikuwa wazi, hatua sita kutoka kwetu. Nikamsikia akikoroma. Kisha kimya. Nikaanza kuhesabu, kama kazini. Sakafu, ambayo huku hupashwa moto kwa chini, ilikuwa na joto zuri, na blanketi lilikuwa zito. Nilipofika hamsini na tatu nikajiambia, atashtuka mwenyewe. Nikageukia upande wa pili.

Asubuhi nilimkuta wa baridi. Daktari akaandika ni moyo. Msibani nililia kuliko wote, na watu wakanisifu kwa hilo.

"Hamsini na moja... hamsini na mbili... hamsini na tatu."

Kimya.

Nikashusha pumzi.

"Hamsini na nne," ikasema ile sauti. Sasa niliitambua. Ilikuwa ya mama mkwe, akihesabu polepole, akingoja mtu atokee mlangoni.

Sabini. Themanini. Nilitaka kuvua vile vipokea sauti, mikono ikakataa. Mwili mzima ulikuwa umelegea, macho tu ndiyo yalicheza.

"Mia moja na nne," akasema mama. Kisha kwa upole, kama anamnong'oneza mtu kando yake: "Waache walale. Wamechoka."

Nilipoweza kusogea nilirudisha rekodi nikaisikiliza. Mlikuwa na mkoromo wa Bi Noh tu. Huenda nilisinzia, na jinamizi likanikaba nikiwa kitini. Huwapata wanaokesha. Lakini asubuhi, nikimbandua nyaya, Bi Noh alisema, "Hamkuniambia chumba ni cha watu wawili. Yule bibi ananuka dawa, maskini."

Jioni tuliandaa meza. Wali, supu, samaki, mapeari, picha ya mama. Nilishindwa kumtazama usoni. Nikamwambia Jae-hun yote niliyofanya alfajiri ile, na jinsi nilivyomsikia mama akihesabu usiku, nikingoja anifukuze.

Alimimina pombe ya mchele kikombeni mwa mama, ikafurika.

"Ulifika ngapi?" akauliza.

"Hamsini na tatu."

"Mimi sabini na moja."

Sikuelewa.

"Nilikuwa macho," akanong'ona. "Nikakusikia unageuka. Nikasema, mwenye kuyajua mambo haya amelala, basi hakuna neno."

Akafuta pombe iliyomwagika mezani. Kisha akauliza kama mama alisema kitu kingine.

"Hapana," nikadanganya.

Desturi inataka mlango ufunguliwe, marehemu aingie ale. Jae-hun akainuka, akashika kitasa. Harufu ya plasta ilikuwa inapenya chini ya mlango.

"Usifungue," nikamwambia.

Akasimama pale, mkono kitasani. Nje, kwenye baridi, mtu alikohoa kidogo, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Hakufungua. Nami sikumwambia afungue. Supu ikapoa mezani, ikaganda mafuta.