Alimaliza Maji ya Ndoo, Akanivunja Mkono

Wajukuu zangu mnaosoma, mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, wa Chilangala huku Newala. Mkono wangu wa kulia haushiki mchi. Ngoja niwaambie nani aliuvunja... baba wa watoto wangu.

Ilikuwa wakati wa ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yamejaa. Akiuza korosho, mume wangu Baba Somoe analeta soda kreti zima. Chai yake sukari mpaka kijiko kinasimama. Akaota kitambi, tukasema mume kanawiri.

Kumbe... Ikaanza kiu. Na maji yetu ni ya kushuka bondeni alfajiri, unapanda mlima na ndoo kichwani. Yeye anakunywa, anakojoa, anarudi kunywa. Kitandani sasa... gogo.

Nikamwambia twende hospitali. Akanizaba kofi. "Nguvu zangu umempa nani?" Mganga mpita njia alimwambia mkeo kakufunga. Ikawa ngumi, ikawa mkanda. Jino alinitoa wanangu wakiona. Nilikosa nini mimi?

Siku hiyo nimetua ndoo, nikajinyoosha kidogo. Kuamka, ndoo tupu. Nikauliza tu, "Baba Somoe, watoto nitawapikia nini?" Akachukua mchi. Nikakinga kichwa kwa mkono, nikasikia mfupa unalia.

Mjomba wangu na wanaume wa ukoo wakamfunga kamba, tukapelekwa hospitali wote wawili. Mimi nalia, yeye anaomba wagonjwa maji. Daktari akamtazama, akampima mkojo. Sukari tele. Akasema sukari ikizidi inaharibu mishipa, kitambi nacho kinashusha homoni za kiume, ndiyo mambo yanalala.

"Mzee, mkeo hajakufunga. Unaumwa."

Tukarudi nyumbani. Kwetu nyumba ni ya upande wa mke, basi mjomba akamtolea Baba Somoe virago nje.

Akameza dawa, akaacha soda, akashika jembe, kitambi kikaisha. Siku moja huyo mlangoni na kanga mpya, anachekacheka. "Mama Somoe, mambo yangu yamekaa sawa. Nirudi?"

Nikamnyooshea mkono. "Na huu umekaa sawa?"

Kanga nikapokea, mlango nikafunga. Mpaka leo nikiivaa nacheka peke yangu.

Binti zangu, mumeo akinywa maji hashibi na kitandani hawezi, apimwe sukari, asitafutwe mchawi. Lakini akikupiga kofi la kwanza, ondoka. Mimi nilisubiri mchi.