Linki ya Kulipwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kumwagilia nyanya zake, Gaudiosa alikaa mlangoni akafungua simu. Majirani wa Kimamba walimwita Mama Loveth. Yeye ndiye aliyeanzisha kundi la WhatsApp la wakulima wa mboga. Siku hizi wauzaji wa pembejeo ni wengi, na kila mmoja anasifia chake. Kwa hiyo watu waliuliza kwenye kundi: mbegu gani inavumilia mvua, dawa gani inaua wadudu wa nyanya. Gaudiosa aliwajibu kwa subira. Bando alinunua mwenyewe.

Siku moja duka la mtandaoni la Dar es Salaam lilimtumia linki. Mtu akibonyeza linki hiyo na kununua, Gaudiosa angepata kamisheni. Alifurahi. Akaiweka kwenye kundi pamoja na picha ya bomba la kunyunyizia dawa, akaandika kwamba bomba hilo ni imara. Lakini hakuwahi hata kulishika. Na habari ya kamisheni hakuitaja.

Jirani yake, Mzee Hezekia, alilinunua. Alipolibeba mgongoni, likavuja. Dawa ilimlowesha shati, ngozi ikamwaka moto mpaka akapelekwa zahanati. Alipopata nafuu alipiga simu dukani kulalamika. Wakamuuliza amenunua kupitia linki ya nani, maana kamisheni ya mtu huyo ingebidi ikatwe.

Jioni hiyo alikwenda kwa Gaudiosa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakutaka kukaa. "Mwanangu, nilinunua kwa sababu aliyesema ni wewe. Kumbe ulikuwa unalipwa kusema."

Akaondoka. Kesho yake habari zilikuwa zimeenea, na watu wakaanza kujitoa kwenye kundi. Gaudiosa aliona aibu, akataka kulifunga kabisa.

Kwanza alikwenda kwa Tumwagile, afisa ugani wa kata. Tumwagile alimsihi asilifunge. Kundi linasaidia watu, na kuliendesha kuna gharama. Kupata kamisheni peke yake si kosa.

"Kosa langu ni lipi basi?" Gaudiosa aliuliza.

"Uliwaficha. Mtu akijua unalipwa, atayapima maneno yako. Asipojua, anakuamini kama ndugu yake. Tena ulisifia kitu usichokijaribu, na dawa ya shambani ni sumu."

Akamweleza la kufanya. Linki ya kulipwa iandikwe hivyo, juu kabisa, mtu aione kabla ya kubonyeza. Asisifie asichokitumia. Anayelalamika asifutiwe ujumbe wake. Na wanakundi wenyewe waamue kama wanazitaka linki hizo. Kuhusu mabomba, alisema kila bomba jipya lijaribiwe kwanza kwa maji matupu.

Gaudiosa alianzia kwa Mzee Hezekia. Alimwomba radhi, akamwachia bomba lake mwenyewe mpaka duka litakapombadilishia lile bovu. Kisha akawaita wanakundi wakutane sokoni.

Walibishana sana. Wengine hawakutaka linki yoyote. Costancia, muuza mchicha, akasema anayewajibu kila siku naye ana shamba, akichoka watamuuliza nani? Mwishowe wakakubaliana linki ziwe chache na za wazi. Kamisheni inunue bando la kundi, na itakayobaki inunue glavu na barakoa za kuazimana wakati wa kupiga dawa.

Waliojitoa wakarudi mmoja mmoja, Mzee Hezekia akiwa wa mwisho. Masika yalipokaribia, aliuliza kwenye kundi anunue mbegu gani ya nyanya. Gaudiosa akaandika:

"Hii hapa ni linki ya kulipwa, mkinunua napata kamisheni. Lakini mbegu hii sijaipanda. Niliyoipanda mwenyewe ikastahimili mvua ni ile inayouzwa madukani Kilosa. Kwa mbegu hiyo silipwi chochote."

Mzee Hezekia alichukua bodaboda mpaka Kilosa. Akanunua pakiti mbili, moja akampelekea Gaudiosa.