Koni Zilizoangukia Kushoto

Siku ile ilianza kama siku nyingine. Mama mdogo wangu Fumie alikunywa supu yake ya soya, akajifunga kitambaa kichwani, akaingia kwenye tanuri la vyungu kupanga koni.

Koni ni vidude vya udongo, virefu kama kidole, vyenye ncha. Unazisimamisha tatu mbele ya tundu la kuchungulia, kila moja ngumu kuliko iliyotangulia, umeziegemeza kidogo kulia. Moto ukitosha, koni hulegea na kulala upande huohuo ulioiegemeza. Ya pili ikilala, kazi imekwisha, acha kuchochea. Hapa kwetu Shigaraki, Japani, hata mtoto anajua.

Lakini kwetu pia walisema mwanamke hawashi tanuri. Marehemu baba mkwe wake, Mzee Tokuzo, aliapa akiwa kitandani, huku akikohoa: "Fumie akiwasha, nitauzima moto wake mimi mwenyewe." Mumewe naye akafa. Akabaki shemeji yake, Genichi, mdomo mrefu kazi hana, anayetaka tanuri libomolewe. Wakakubaliana mbele ya ukoo: vyungu vikitoka vibichi, mama mdogo afungashe virago arudi kwao.

Basi akaweka sadaka ya chumvi na pombe ya mchele mdomoni mwa tanuri, akawasha. Mimi nilikuwa mpasua kuni wake.

Moto ulikwenda vizuri siku kadhaa. Siku ya kumalizia, mchana kweupe, Genichi alikuja kuchungulia. Akacheka.

"Zimelala mbili! Funga moto, shemeji, usije ukaunguza mali ya watu."

"Mbona mapema hivi?" nikamuuliza mama mdogo. Akainama tunduni. Alichungulia kwa muda mrefu. Alipogeuka, midomo ilikuwa imemkauka.

"Zimeangukia kushoto," akaninong'oneza.

Nikachungulia. Kweli. Koni ya tatu, ile ngumu kupita zote, ilikuwa bado imesimama. Halafu ikaanza kuinama. Kushoto. Polepole. Inatulia, inainama tena. Kama inasukumwa na kidole.

"Koni hazidanganyi," Genichi akasema. "Funga!"

Mama mdogo akachukua fimbo ya chuma, akavuta kupitia tundu kipete cha udongo cha majaribio kilichopakwa rangi ileile ya vyungu. Kikapoa. Kilikuwa kikavu, hakina mng'aro hata chembe: rangi haijayeyuka.

"Hazidanganyi zikiachwa zenyewe," akasema. "Ongeza kuni."

Hapo ndipo tuliposikia kikohozi.

Kikavu. Mara mbili, kisha mluzi wa kifua. Sote tulikijua. Kilitoka ndani ya tanuri.

Genichi alirudi nyuma hadi akajikwaa kwenye kuni. "Baba?" akanong'ona. "Shemeji, nakuomba. Muachie."

Kuni ziliniponyoka. Wallahi nilitaka kukimbia. Mama mdogo hakukimbia. Alisogeza mdomo kwenye tundu, nyusi zikamuungua.

"Baba," akasema kwa adabu zote. "Ulipokuwa hai ulinikataza, nikanyamaza. Sasa umekufa. Nyamaza wewe."

Moto ukafifia. Ukawa mwekundu, ukawa mweusi pembeni. Baridi ikatoka tunduni, ikanipiga usoni.

"Kuni!" akafoka.

Nikampa. Akatupa. Nikampa tena. Tukachochea, machozi yananitoka, hadi moto ukarudi mweupe. Akavuta kipete kingine. Kiling'aa kama jicho la samaki.

"Sasa funga," akasema, akakaa chini, akalia.

Tanuri lilipopoa, tulifungua mbele ya ukoo mzima. Mitungi ilitoka imeiva, kijani kilichokolea. Genichi alipokea mtungi wa kwanza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Hajataja kubomoa tena.

Koni zile tatu tulizikuta zimelala kushoto. Kwenye ile ngumu palikuwa na alama ya dole gumba, pana, lenye mpasuko katikati. Mzee Tokuzo alipasuliwa dole gumba na shoka ujanani. Moto wote ule haukuifuta.

Nilisema tuitupe koni ile mtoni. Mama mdogo akaiweka madhabahuni nyumbani, mbele ya picha ya mzee. Miaka imepita. Gusa alama ile hata leo, utakuta ina joto. Asubuhi za theluji mama mdogo huipashia vidole kabla ya kwenda kufinyanga.

"Alisema atauzima moto wangu," huniambia. "Huu hapa. Auzime."