Habari Ambazo Mumo Hakuambiwa

Mutanu alifagia ua mara mbili asubuhi hiyo. Alipomaliza mara ya pili alisimama, akautazama, kisha akaushika ufagio tena.

"Huo ua umekukosea nini?" aliuliza mama mkwe wake, Syombua, aliyekuwa akichambua ndengu mlangoni. "Keti chini."

"Nikiketi miguu inauma, mwaitu," alisema Mutanu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Na ukisimama?"

"Inauma pia."

Mutanu alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vyake vikakataa kuingia. Sasa alivaa ndara za mumewe, Mumo. Syombua alisema kila akisikia zile ndara zikipiga sakafu, anadhani mwanawe amerudi.

Mumo hakuwa amerudi. Alikuwa koplo jeshini, na kikosi chake kilikuwa mpakani tangu mwezi wa Machi. Mpakani wapi hasa, nyumbani hawakujua. Alipiga simu alipopata mtandao, siku yoyote, saa yoyote. Kwa hiyo Mutanu aliibeba simu kila mahali, jikoni, bombani, hata chooni. Alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba katika soko la Tala, hatua chache kutoka nyumba yao ya kupanga. Wiki hiyo hakukifungua. Aliogopa kelele za soko zitamfanya asisikie simu.

Saa nne simu ililia.

"Habari ya huko, afande," alisema Mutanu.

"Afande ni wewe. Mnaendeleaje?"

"Tuko salama."

"Na mtoto?"

"Anacheza mpira humu ndani. Hana refa."

Mumo alicheka. "Kliniki unaenda?"

Syombua aliinua macho. Mutanu akamgeuzia mgongo.

"Naenda. Kila kitu kiko sawa."

"Hakika?"

"Hakika."

Mtandao ukapotea. Mutanu aliendelea kuishika simu sikioni kwa muda, ingawa hapakuwa na mtu.

"Umesema vizuri," alisema Syombua. "Mtu aliyeshika bunduki haambiwi maneno ya kumtikisa mkono."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Paa likivuja, Mumo aliambiwa wako salama. Syombua alipougua kifua mwezi mzima, Mumo aliambiwa wako salama. Hawakuwa watu waongo. Walimpenda, na waliogopa.

Ukweli ni kwamba Mutanu alienda kliniki mara moja tu, mimba ikiwa ya miezi minne. Tangu hapo alikuwa akingoja. Mumo alitarajia likizo mwezi wa Agosti. Rafiki wa Mutanu, Kalunde, ambaye pia ni mke wa mwanajeshi, alijifungua katika hospitali ya jeshi jijini Nairobi. Mutanu alitaka iwe hivyo kwake pia. Lakini jina lake halikuwa katika karatasi za Mumo jeshini. Ndoa yao ilikuwa ya kimila, ya ntheo. Mbuzi walipelekwa kwa kina Mutanu, wakachinjwa, wazee wakala, na tangu siku hiyo kila mtu alijua ni mke wa Mumo. Cheti cha ndoa hawakuwa nacho, na jeshi lilitaka cheti.

Basi alingoja likizo, ili wapate cheti, ili jina liingie, ili aende hospitali. Mimba nayo haikungoja.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili hakumwambia hata Syombua. Tangu jana kichwa kilimgonga kama mtu anayepasua mawe. Na mbele ya macho yake vinyota vidogo vilirukaruka.

Alishika ufagio mara ya tatu.

"Hodi hapa!"

Aliyebisha alikuwa Zuleha, jirani yao. Wengi walimwita Mama Swabra. Mumewe, Ramadhan, alikuwa sajenti mstaafu, na sasa aliuza mabati na misumari sokoni. Zuleha mwenyewe alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alizunguka nyumba kwa nyumba na begi mgongoni, na ndani ya begi mlikuwa na kipimo cha presha.

"Karibu, Mama Swabra," alisema Syombua. "Umekuja kutuhesabu tena?"

"Nimekuja kunywa chai yako, Mama Mumo. Kuhesabu ni kisingizio." Zuleha alimtazama Mutanu, akaacha kucheka. "Mbona uso wako umevimba hivyo?"

"Nimelala vibaya."

"Umelalia uso wote?"

"Ni mtoto wa kiume huyo," alisema Syombua. "Wavulana huvimbisha mama zao. Hata mimi nilivimba na Mumo."

"Labda. Leta mkono, Mutanu."

"Nitapimwa Mumo akija. Mwezi ujao."

"Mumo ndiye daktari?"

Mutanu alinyoosha mkono. Zuleha alimwingiza ndani, akamketisha kwenye kiti, akamwacha apumzike kidogo, kisha akamfunga kitambaa cha kipimo kwenye mkono wa juu. Mashine ikanguruma. Zuleha alitazama namba. Akangoja, akapima mara ya pili.

"Mia moja na sitini juu. Mia moja na kumi chini," alisema polepole. "Mutanu, kichwa kinakuuma?"

"Kidogo."

"Usinifanye kama Mumo kwenye simu, nawasikia nikiwa kwangu. Kinakuuma?"

Mutanu alishika paji la uso. "Kinataka kupasuka. Tena naona vinyota."

Syombua akaweka ungo wa ndengu chini.

"Mama Mumo, hii si habari ya mvulana wala msichana," alisema Zuleha. "Ni presha ya mimba. Mjamzito, ile namba ya juu ikifika mia moja na arobaini, au ya chini tisini, anatakiwa kwenda hospitali apimwe. Hii yake imepita hapo sana. Ikiachwa inaleta kifafa cha mimba. Mama anaanguka na kutetemeka. Tunaweza kumpoteza yeye na mtoto."

"Basi tungoje jioni, jua lipungue," alisema Syombua kwa sauti ndogo.

"Hapana. Kichwa kuuma sana, kuona vinyota, uso kuvimba, uchungu hapa juu ya tumbo chini ya mbavu, kutokwa na damu, mtoto kuacha kucheza. Ukiona hata moja kati ya hizo, hungoji jioni. Unaenda saa hiyo hiyo."

Mutanu alisimama, akaenda mpaka dirishani, akarudi. "Hospitali gani? Jina langu haliko jeshini."

"Hospitali yoyote ya serikali iliyo karibu. Nani alikwambia mke wa mwanajeshi anazuiwa mlangoni? Wewe ni mama mjamzito kama wengine. Karatasi za jeshi ni jambo zuri, zitafuatwa. Lakini presha haisomi karatasi."

"Na nikilazwa, Mumo atajua."

"Ajue."

"Atachanganyikiwa. Aumie huko kwa sababu yangu?"

Zuleha alikuwa akifunga begi. Mikono yake ikasimama.

"Kabla ya Swabra nilikuwa na mimba nyingine," alisema. "Ramadhan alikuwa nje ya nchi, kazini. Kila akipiga nilisema salama. Mtoto alipokufa tumboni, nilisema salama. Nilidhani namlinda. Siku aliyorudi, wenzake walikuwa wamemchangia kitanda cha mtoto. Alikishusha kwenye gari mwenyewe, anaimba. Mimi ndiye niliyemwambia, tukiwa mlangoni."

Syombua aliinuka, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Tafuta kijitabu chako cha kliniki," alisema Zuleha. "Na kitambulisho. Na leso mbili."

Ramadhan alileta pikapu ya duka. Waliondoka Zuleha akiwa nyuma ya gari, Mutanu ameketi mbele, na Syombua pembeni yake, akimshika mkono kana kwamba angeruka dirishani.

Hospitalini walipokelewa na muuguzi mmoja mrefu aliyeitwa Ngui. Alipima presha tena. Alipima mkojo, akakuta una protini. Alisema hiyo ni dalili kwamba figo zinaumia. Kisha akafungua kijitabu.

"Umekuja mara moja tu?"

"Nilikuwa namngoja mume wangu."

"Mama, mimba inahitaji kliniki mara nane. Ya kwanza hata kabla ya miezi mitatu kwisha. Tungeliona hili mapema." Alipoona Mutanu anaanza kulia, akalegeza sauti. "Lakini umekuja ukiwa mzima. Hilo ndilo tutakalofanyia kazi."

Aliita daktari. Mutanu alipewa dawa ya kushusha presha na sindano ya kuzuia kifafa. Alipewa sindano nyingine ya kukomaza mapafu ya mtoto, maana huenda angezaliwa kabla ya wakati. Kisha Ngui akaleta karatasi ya kutia sahihi.

"Mume wangu hayuko," alisema Mutanu.

"Mgonjwa ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi sahihi ni yako. Weka hapa."

Mutanu aliandika jina lake, herufi moja baada ya nyingine. Jina lilisomeka.

Zuleha alivuta kiti karibu na kitanda. "Mumo alikuachia namba ya kikosi?"

"Iko kwenye simu. Lakini hiyo hatuipigi."

"Kwa nini?"

Syombua ndiye aliyejibu. "Hiyo ni namba ya msiba. Hupigwa mtu akifa."

"Mama Mumo, nani alikwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi nimekuwa mke wa sajenti miaka ishirini na sijui. Ile namba ni ya familia. Mtoto akizaliwa unapiga. Ukilazwa unapiga. Ukishindwa na karatasi unapiga. Hawatakwambia Mumo yuko wapi, na usiwaulize. Wape jina lake kamili, namba yake ya jeshi, jina lako, na hospitali uliyoko. Wao wana njia ya kumfikia."

Mutanu aliitazama simu kwa muda mrefu. Mwishowe akapiga. Mtu wa upande wa pili aliongea kwa upole, akaandika kila kitu, akasema wangoje.

Walingoja. Mutanu aligeuka ubavu huu, akageuka ubavu ule. Aliuliza saa. Baada ya dakika tano aliuliza tena. Syombua alitoka nje, akaingia, akatoka. Ngui alimwambia atatoboa sakafu ya serikali.

Saa tisa simu ililia. Namba ilikuwa ngeni.

Mutanu aliiachia shukani kama kaa la moto. Wake wa wanajeshi huogopa namba ngeni kuliko kitu chochote. Syombua alijifunika kichwa kwa leso. Simu ililia, ikalia.

"Pokea," alisema Zuleha. "Wewe ndiye uliyewaita."

Mutanu alipokea. Aliiweka kwenye spika.

"Mutanu? Mutanu, ni mimi."

Alikuwa Mumo.

"Wameniambia umelazwa," alisema. "Leo asubuhi uliniambia uko sawa."

"Nilikudanganya."

"Na kliniki?"

"Hiyo pia. Nilienda mara moja."

Mutanu alifunga macho, akingoja hasira.

"Unajua sijalala vizuri tangu mwezi uliopita?" alisema Mumo. "Nikikuuliza jambo, unajibu kabla sijamaliza. Nilijua kuna kitu. Nikawa nawaza mabaya yote, moja baada ya lingine. Sasa niambie presha ni ngapi. Usipunguze hata moja."

Mutanu alimwambia namba zote mbili, na vinyota, na sindano. Mumo aliuliza maswali, naye akajibu. Alipokosa jibu, Ngui aliegemea simu akajibu yeye. Mwisho Mumo alisema, "Nitaomba ruhusa. Wakinipa, nakuja. Wasiponipa, nitapiga. Lakini uniambie ukweli, sawa?"

"Sawa. Ukweli ni kwamba naogopa sana."

"Mimi pia," alisema Mumo.

Syombua alishusha leso kichwani. Tangu mwanawe aingie jeshini, hakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Mutanu alilazwa siku kumi na mbili. Presha ilishuka, ikapanda, ikashuka. Kila siku alihesabu mtoto anavyocheza. Kila siku alimtumia Mumo namba kwenye simu, nzuri na mbaya. Siku ya kumi na tatu presha ilikataa kushuka, na daktari akaamua kumpasua. Alizaliwa msichana, kilo moja na gramu mia nane. Alilia kama paka, lakini alilia.

"Mvulana wako huyo, Mama Mumo," alisema Zuleha.

"Nyamaza, Mama Swabra," alijibu Syombua, akifuta machozi na kucheka. Mtoto akaitwa Ndanu.

Mumo alipata ruhusa ya siku kumi. Alifika wodini mtoto akiwa na siku nne, viatu vikiwa na vumbi jekundu. Hakuweza kutulia. Alitaka kwenda kwa msajili wa ndoa saa hiyo hiyo ili ntheo yao ipate cheti. Alitaka kupiga picha vitambulisho. Alitaka kujua kwa nini mama yake hana kiti.

"Umeleta karatasi za jeshi?" Ngui alimuuliza.

"Ziko hapa."

"Vizuri. Kesho ukaulize kwa msajili wa ndoa, na mkeo akitoka hapa mwende pamoja. Cheti kikitoka, unapeleka jeshini, mama na mtoto waandikwe pamoja. Na akiruhusiwa kutoka, presha yake bado itapimwa mpaka wiki sita zipite, kwa sababu inaweza kupanda hata baada ya kujifungua. Umeshika hayo?"

"Nimeshika."

"Sasa fungua shati, afande."

"Nini?"

"Shati. Mtoto mdogo hivi anapata joto kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi. Mama amembeba siku nne, amechoka. Ni zamu yako."

Akina mama wa vitanda vingine waliinuka kutazama. Mumo alifungua shati, masikio yakiwaka. Ngui alimlaza Ndanu kifuani pake, akamfunga kwa leso, akamfunika.

"Nifanye nini sasa?" alinong'ona Mumo.

"Hakuna. Keti tu."

Mumo aliketi. Hakuthubutu hata kukuna pua. Mutanu aliwatazama kidogo kutoka kitandani. Kisha aliweka simu yake mezani, mbali na mkono, akageukia ukuta, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mwezi wa Machi.