Nta ya Ploi

Kijana aliyevuka mstari wa waridi sakafuni mwa treni asubuhi ile hakujua kama amevuka kitu. Stesheni ya Union ilikuwa imefurika, treni ya Rashidiya imefungua milango, na umati ukambeba ukamtua katikati ya behewa la wanawake kama furushi. Alikuwa mrefu, sare yake ya ulinzi imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kofia kwapani, simu sikioni.

"Bosi Kondo, mimi nimefika," alikuwa akisema. "Wallahi niko hapa Rashidiya. Nalikaribia lango."

Mwanamke aliyebanwa kando yake akacheka. Alivaa abaya nyeusi yenye ukingo wa kijani, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimekolea piko, ile hina nyeusi. Kicheko kilimponyoka, naye akashangaa kukisikia.

"Kaka," alimwambia alipokata simu, "Rashidiya umefika lini, na hapa ndiyo kwanza Union?"

Kijana akagutuka. "Eh, nyabo! Wewe unasikia Kiswahili?"

"Nimezaliwa nacho. Na usinikodolee macho, tazama chini. Hapo uliposimama ni pa wanawake. Akija mkaguzi utalipa faini mpaka umtaje bibi yako."

Akatazama chini, akauona mstari, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Treni ikaondoka, yeye upande wa pili, mwanamke upande huu, mstari kati yao.

"Mimi Shafik. Kampala. Wewe?"

"Amne. Lamu."

"Lamu! Basi wewe una majini."

"Ninayo saba, na yote yamelipa nauli."

Walicheka mpaka Rashidiya. Waliposhuka Shafik alikuwa na nambari yake, na Amne alikuwa amechelewa basi la Al Warqa. Hakujali.

Angejuaje yule kijana kwamba mwanamke mwenye ulimi mwepesi hivyo alizoea kukaa hata wiki nzima bila kusema lolote zaidi ya "shukran"? Amne alikuwa mchoraji wa hina katika saluni ya wanawake, nyumba moja kubwa ya Al Warqa yenye viyoyozi vinavyonguruma mchana kutwa. Madam Sheikha, mwenye saluni, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kulitamka jina lake. "Yalla, hina!" angeita, na Amne angekwenda. Wateja aliwajua kwa mikono, si kwa nyuso. Jioni alirudi mtaa wa Naif kwenye chumba cha vitanda vya ghorofa, wanawake sita, kila mmoja nyuma ya pazia lake akinong'ona na simu kwa lugha yake. Ramadhani iliyopita alifuturu akiwa ameuelekea ukuta.

Aliyemwona alikuwa Ploi, Mthai aliyetengeneza kucha saluni humo. Siku moja, baada ya mteja kuondoka bila hata kumtazama Amne, Ploi alitoa mfukoni kikopo kidogo cha bati. Ndani mlikuwa na nta ya manjano yenye harufu ya asali na maua makavu.

"Mama yangu anauza vitambaa sokoni," alisema kwa ile lugha yao ya vipande vipande. "Asubuhi, kabla ya kupanga meza, anapaka. Mtawa mzee ameisomea."

"Ya kupata bwana?"

"Bwana!" Ploi akabetua midomo. "Ya bwana ni nyingine. Hii ni ya watu wote. Mteja, jirani, polisi. Wakikuona, moyo wao unakuwa laini. Sisi tunaita metta. Lakini ukipaka, usitukane mtu. Na usiseme uongo. Nta inaoza."

Amne alikuwa na Mola wake na sala zake tano. Alijiambia nta ni nta, na midomo yake inapasuka kwa baridi ya viyoyozi. Lakini mtu anayetibu midomo hapaki nyusi, na Amne alipaka nyusi.

Wiki hiyo mteja mmoja alimuuliza jina. Mwingine akamletea tende. Kisha kijana akavuka mstari wa waridi.

*

"Umekula?" Shafik aliuliza kila siku kwa simu akiwa langoni, kwenye maghala ya samani aliyoyalinda.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mkate na chai."

"Bambi, hiyo siyo kula. Hiyo ni kudanganya tumbo."

"Na wewe je, tajiri wa lango?"

"Mimi nimekula sauti yako. Ongea tena, bado sijashiba."

"Mwongo."

"Mwongo wako, kipenzi."

Ijumaa walitembea Naif, wakipenya kati ya wafanyabiashara waliokuwa wakifunga marobota ya kupeleka Mombasa na Kampala. Shafik alikuja na shati la maua aliloazima kwa Zedekiya, mwenzake wa chumbani, mikono ya shati ikiishia karibu na viwiko.

"Hilo shati lilinyeshewa?" Amne aliuliza.

"Shati liko sawa. Mimi ndiyo nimerefuka tangu nikutane na wewe."

Alimnunulia chai ya maziwa na sambusa, akamfuta makombo kidevuni bila kuombwa, na Amne akalazimika kugeuka kutazama masufuria ya dukani, macho yakimlengalenga. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amguse bila kunyoosha mkono achorwe.

Lakini hakuwahi kutoka kwenda kwake bila nta. Hata mara moja. Kikopo kilipoanza kuonyesha bati chini aliikwangua kwa ukucha, na kila alipokwangua aliingiwa na hofu ileile: ikiisha hii, na Shafik je? Usiku, nyuma ya pazia, alijiuliza kijana yule anampenda yeye au anaipenda nta.

Januari, upepo wa vumbi ukivuma, walikaa kwenye benchi nje ya stesheni ya Rashidiya. Midomo ya Shafik ilikuwa imepasuka. Alipoona Amne anafungua kikopo alinyoosha kidole.

"Nipe na mimi."

"Hii siyo ya wanaume."

"Nta ina mume na mke?" Akacheka, akaingiza kidole. Amne akampiga mkono. Alimpiga kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na kikopo kikaanguka kati ya miguu yao.

Shafik hakukiokota. "Amne. Hiyo ni nini?"

Angeweza kusema ni ya kike, na Shafik angeona haya, mambo yakaishia hapo. Lakini nta ilikuwa tayari midomoni, na Amne, aliyejiambia siku zote kwamba haamini, aliogopa kusema uongo nayo. Akamweleza yote.

"Siku ile kwenye treni ulikuwa umepaka?"

"Ndiyo."

"Na Ijumaa zote?"

"Zote."

Shafik akasimama, akakung'uta suruali isiyokuwa na vumbi. "Zedekiya aliniambia. Alisema wanawake wa pwani, jihadhari. Mimi nikamcheka."

"Si limbwata, Shafik! Ni ya kila mtu, hata polisi—"

"Mimi silali, Amne. Niko langoni nacheka peke yangu. Madereva wa malori wananiuliza nimevuta nini. Huyo siyo mimi." Akajigusa kifua. "Mimi najijua. Huyo siyo mimi."

Akaingia stesheni bila kugeuka.

*

Simu ya Shafik haikupatikana tena. Amne alipiga asubuhi, alipiga akila, alipiga amejifunika shuka mpaka utosini ili wenzake wasisikie ile sauti ya mashine ikimjibu kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza. Zile Ijumaa alizokuwa akizisubiri akawa anazilala.

Alimrudishia Ploi kikopo. Bila nta, wateja wakarudi kuwa mikono. Yule wa tende hakuleta tena tende. Je, ni nta, au ni uso wake uliokuwa umefungwa kama duka la marehemu? Hilo ndilo lililomla zaidi, kwamba hakuwa na njia ya kujua.

"Kuna mafuta," Ploi alimwambia siku moja, akisugua kucha za bibi harusi huku Amne akimchora mkono wa pili. "Ya yule mmoja tu. Sipendi mafuta hayo. Lakini binamu yangu anaweza kutuma. Anarudi hata kama hataki."

Amne aliuinamia mkono. Alichora ua, akachora jani, akapandisha mmea ule mpaka kiwikoni mwa bibi harusi, na mkono wote ulipokwisha alikuwa bado analipima lile neno. Alimtaka Shafik. Alimtaka kiasi kwamba mbavu zilimuuma. Na jawabu lilikuwa Bangkok kwa binamu wa Ploi, likisubiri aseme ndiyo.

"Nikimwita kwa mafuta," alisema mwishowe, "hatakuja Shafik. Itakuja miguu yake tu."

Ploi akamtazama, akaitikia kwa kichwa. "Basi lia," akasema, akamsogezea boksi la tishu.

*

Simu ililia Amne alipokuwa amekwisha kusadiki kwamba haitalia.

"Njoo Rashidiya, bambi. Nakuomba."

Alikwenda alivyokuwa, abaya ya kazini imeingia madoa, mikono inanuka mafuta ya karafuu, midomo mikavu. Ikiwa atanitazama, alijisemea, anitazame hivi.

Shafik alivaa kanzu nyeupe na koti jeusi, ananukia marashi. Alikuwa amekonda. Hakungoja salamu.

"Nimesomewa, Amne! Shekhe mmoja Naif amenisomea. Nimekunywa kombe la aya, nimeoga maji ya dua, nimekaa mbali na wewe mpaka kila kitu kitoke." Uso wake uling'aa. "Na hakijatoka! Bado nakupenda. Kwa hiyo ni kweli. Nataka kukuoa."

Alisema kama mtu aliyeleta zawadi na kuibeba kutoka mbali. Amne akaitazama ile zawadi.

"Na kingetoka?"

"Eh?"

"Umeoga, kimetoka, unaona Amne si lolote. Ungekuja kuniambia?"

Shafik akainamisha macho. "Hapana. Ningebadilisha laini."

"Ahsante kwa kusema kweli. Sasa nisikilize, mwana wa watu. Ulikwenda kuoshwa kana kwamba mimi ni najisi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, naipigia simu uliyoizima. Ile nta nilipaka ili watu wanione, Shafik. Wanione tu! Wewe ukaniona, kisha ukaenda kutibiwa macho."

Watu walipita wakivuta masanduku ya safari. Shafik alikaa kwenye benchi kama aliyekatwa miguu.

"Nilikuwa na furaha," alisema polepole. "Tangu nije hapa sijawahi. Naamka, nasimama langoni, nalala. Halafu siku moja nacheka peke yangu. Nikajiuliza, furaha hii nimeitoa wapi? Mimi? Hapa? Nikasema hapana. Haiwezekani. Nimefanyiwa kitu."

Hasira ya Amne ilitafuta pa kusimama, ikakosa. Maana na yeye je? Kila Shafik alipompigia, alikishukuru kikopo. Kila alipomwita kipenzi, alikwangua bati. Mwanamume huyu alimpa mapenzi yake mkononi naye akayapeleka kwenye akaunti ya mtawa mzee asiyemjua.

Akakaa, akaacha nafasi kati yao.

"Kumbe tulikuwa wawili," alisema. "Mimi pia sikudhani ni mimi."

"Basi nijibu, Amne."

"Leo sitakujibu. Nikikujibu sasa, atakayejibu ni upweke, na upweke haukatai kitu. Niulize kesho. Niulize kesho kutwa. Niulize mpaka nizoee kwamba anayeulizwa ni mimi."

Shafik akafuta uso kwa mkono wa kanzu. "Na ukizoea ukakataa?"

"Utakuwa umekataliwa na mimi. Hata jibu hilo, kutoka kwangu mwenyewe, hujawahi kulipata."

*

Akauliza. Alipiga asubuhi kabla ya zamu, na Amne akasema bado. Alipiga mchana, sauti ya malori nyuma yake. "Bado. Na leo umeuliza kama askari anayeuliza kitambulisho." Siku nyingine hakuuliza kitu, alieleza tu kwamba ameumwa na jino na hakuna aliyemwuliza hali, na Amne akamwuliza hali mpaka salio likaisha. Siku nyingine Amne ndiye aliyepiga. "Leo umesahau kuuliza," alilalamika, na Shafik akacheka mpaka akakohoa.

Ilikuwa karibu na Idi, saluni imejaa, mikono ya wateja imepangwa juu ya mito. Amne alikuwa amekamata kifundo cha mkono wa bibi mmoja, piko inatiririka kutoka kwenye koni, simu ikalia. Ploi akaishika, akambania sikioni.

"Amne," Shafik alisema. "Simuulizi jini, siiulizi nta. Nakuuliza wewe. Utaolewa na mimi?"

Amne hakuinua koni. Alimalizia jani.

"Mpigie baba yangu," akasema. "Na umsemeshe polepole. Kwa hicho Kiswahili chako atadhani unamuuzia ng'ombe."

Lori likanguruma upande wa Shafik.

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ndiyo."

Kwao, neno hilo lingeamsha mtaa. Shangazi wangetoka na vyungu mkononi. Hapa vikausha nywele viliunguruma, bibi wa mkono akauliza kama khalas, kazi imekwisha, Madam Sheikha akaita hina, na Ploi, aliyekuwa ameshika simu, hakuelewa hata neno moja. Amne akajua kwamba na huko langoni, kati ya malori, hakuna aliyeelewa. Wawili tu katika mji mzima.

Kisha sauti ikatoka kwenye simu, nyembamba, imekwaruza, kama ya jogoo anayekabwa. Ilichukua muda Amne kutambua ni nini. Kwa kuwa hapakuwa na mwanamke wa kuifanya kazi hiyo, Shafik alikuwa amesimama langoni, na sare yake na kofia yake, anapiga vigelegele.

Amne akakishika kile kifundo kwa mkono mmoja, koni kwa mwingine, akaanza ua jipya huku akicheka.