Glasi ya Saba

Jua lilikuwa linazama Mizani alipoingia chumba cha kuonjea. Mizani ndilo jina alilopewa na wenzake katika kiwanda kile kidogo cha bia, kwa kuwa ulimi wake haukuwahi kukosea. Jioni hiyo ulikuwa unapimwa ulimi wenyewe.

"Utaratibu ni uleule, dada," meneja alisema mlangoni. "Bia tano. Moja nimeimimina mara mbili, sikwambii ipi. Ukiipa alama tofauti, kiti chako atakikalia mwingine."

"Toka basi. Marashi yako yatanipofusha pua."

"Marashi haya watu wanayasifu!"

"Wanakuogopa."

Meneja akacheka, akafunga mlango.

Glasi zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja imefunikwa kisahani. Akaanza. Kunusa, kuonja, kutema ndooni, kuandika alama kati ya kumi. Ya kwanza, bia ya ngano, nyepesi, yenye harufu ya ndizi mbivu: saba. Ya pili nyekundu, utamu umezidi: tano. Ya tatu ilikuwa na uchungu safi, unaouma kisha ukaachia: nane. Ya nne, kali ya ukakasi, ilimkunja uso: sita. Ya tano... nyekundu tena. Mtego huo! Akatabasamu, akaandika tano. Ya sita nyeusi, kama kahawa iliyosahauliwa jikoni: sita.

Akaweka penseli chini. Kazi imekwisha.

Lakini mezani kilibaki kisahani kimoja.

Harufu ilimfikia kabla hajakifunua. Shayiri iliyokaangwa... maganda ya machungwa...

Damu ikamganda. Mtu mmoja tu alitia maganda ya machungwa katika bia nyeusi. Mdogo wake. Na mdogo wake alikuwa kaburini mwaka wa nne sasa.

Miaka minne nyuma, bia ile ingempa kijana ukuu wa kiwanda, juu ya dada yake. Ilistahili tisa. Mizani aliandika mbili. Wiki haikuisha, wakamkuta kijana ameinama ndani ya pipa la kuchachushia, hewa ya chachu imemmaliza. Ajali, walisema. Mizani alilia kuliko wote.

Akaonja.

Tisa. Tisa ileile.

Nyuma yake, mtu akavuta pumzi.

Hakugeuka. Tone likadondoka sakafuni. Tap... Jingine. Tap... Ubaridi ukamtambaa shingoni.

"Dada..." Sauti ilikuwa ya chini, imelowa. "Bia moja, mara mbili. Ukiipa alama tofauti, kiti kinakwenda."

Akaelewa. Karatasi ya zamani, yenye ile mbili, ilikuwa bado kabatini kwa meneja, na sahihi ya Mizani chini. Akiandika tisa, amekiri kwa mkono wake mwenyewe.



"Sikuja kugombana, dada. Nataka kujua tu... ilikuwa nzuri?"

Machozi yakamshuka. Akaandika.

Mbili.

Kitu baridi, laini kama kidole, kikapita juu ya ulimi wake, kutoka nchani hadi kooni. Na mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Meneja akaingia, akawasha taa, akaisoma karatasi. "Nyekundu tano, nyekundu tano. Hongera, dada, kiti ni chako! Ila hii ya saba umeitoa wapi? Mimi niliweka sita."

Mezani zilikuwa glasi sita. Sakafu ilikuwa imelowa, toka kwenye kiti chake hadi mlangoni.

Nyumbani, mama yake alimletea chai. Mizani akapiga funda. Chungu. Akajaribu maji. Machungu kama nyongo.

"Sukari imetosha?" mama akauliza.

Mizani akajikaza. "Imetosha, mama. Tamu kweli."

Mama akamtazama. "Sijatia sukari, mwanangu. Nilikuwa naifuata."

Kisha mama akageuka ghafla, akauelekeza uso jikoni, kusikokuwa na mtu, akavuta hewa taratibu. Na kwa mara ya kwanza tangu msiba, akatabasamu.

"Unasikia harufu hiyo?" akanong'ona. "Maganda ya machungwa..."

Mizani akavuta hewa kwa nguvu zake zote.

Hakusikia kitu.